Uzi: Sherehe ya Fahari ipangwe kuanzia mwisho wake, yaani namna kila mshiriki atakavyofika kwake salama

Mlinda Lango (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za siku nyingi. Ninaandika nikiwa Kampala, na ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu humu tumo Waganda, Wakenya, Watanzania na ndugu zetu walioko kambini, na hii ndiyo lugha inayotukutanisha bila mkalimani.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisimama mlangoni katika mikusanyiko midogo ya Fahari (Pride), sherehe ya watu wa kuchu, yaani wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia, mikusanyiko inayofanyika nyuma ya ukuta wa nyumba ya mtu, bila bango wala tangazo. Kazi yangu ni kuhesabu watu. Usiku mmoja waliingia watu 42, na ilipofika saa saba usiku, watu 41 walikuwa wametuma ujumbe kwamba wamefika makwao. Mmoja hakutuma. Tulikaa watatu tukiwa tumeshika simu, tusijue kama tuulize katika vituo vya polisi, na kwa kuuliza huko tuwe tumemtangaza, au tunyamaze ilhali huenda amelala mtaroni akiwa amepigwa. Alfajiri, saa kumi, tulipata habari kwamba betri ya simu yake ilikuwa imeisha na amelala kwa dada yake. Alikuwa mzima. Saa zile tatu, hata hivyo, zilinionyesha kwamba tulikuwa tumepanga muziki, chakula, mapambo na hotuba, lakini hatukuwa tumepanga njia ya kurudi.

Ndiyo maana naleta hoja moja tu hapa, na ninaomba tuijadili kwa kina: sherehe ya Fahari katika nchi yetu ipangwe kuanzia mwisho wake. Swali la kwanza katika kikao cha maandalizi liwe ni nani atajua kwamba mtu wa mwisho amefika kwake, kisha maswali mengine yafuate.

Historia yetu wenyewe inaniunga mkono. Fahari ya kwanza Uganda ilifanyika Agosti 2012 katika bustani ya mimea ya Entebbe, kando ya ziwa. Polisi walifika na kuwakamata baadhi ya watu kwa muda, lakini uwanja ule ulikuwa wazi, una njia nyingi, na watu waliweza kutawanyika. Linganisheni na usiku wa tarehe 4 Agosti 2016, pale Club Venom, Kabalagala, Kampala, wakati wa mashindano ya urembo ya wiki ya Fahari. Polisi waliingia, wakafunga njia za kutokea, wakawashikilia mamia ya watu kwa zaidi ya dakika 90, wakawapiga baadhi yao, wakawapiga picha na kuwatishia kwamba picha hizo zitachapishwa. Zaidi ya watu 16 walikamatwa, nao wakaachiwa bila mashtaka. Lakini mmoja wa waliokuwamo, kwa hofu, aliruka kutoka dirisha la ghorofa ya sita na kuumia vibaya sana. Mimi nikifikiria tukio hilo, siwezi kuacha kulifikiria dirisha lile. Mtu haruki kutoka ghorofa ya sita kwa sababu amekosa ujasiri; anaruka kwa sababu hakuna mtu aliyemwonyesha mlango mwingine.

Kwa hiyo, kabla ya kuukubali ukumbi wowote, mimi huuzunguka mchana. Natafuta nyumba ya chini, si ghorofa. Yenye milango miwili inayotokea pande tofauti. Yenye mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenye funguo za lango la nyuma, na ambaye hatalewa wala kuondoka. Kila anayeingia anaonyeshwa milango yote miwili kabla hajaonyeshwa meza ya chakula. Wengine huona kwamba jambo hilo linaharibu furaha. Mimi nimeona kinyume chake: mtu akishajua atakapotokea, mabega yake yanashuka, na ndipo anapoanza kucheza.

Mtazamaji

Ndugu Mlinda Lango, nimekusoma kwa heshima, lakini nina swali ambalo lazima liulizwe. Sheria ya kupinga ushoga ya Mei 2023 inatishia kifungo cha maisha kwa tendo lenyewe, kifungo cha hadi miaka 20 kwa kile inachokiita kuendeleza ushoga, na hukumu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Mtu akikamatwa akiwa na bendera na orodha ya wageni, utamwambia nini mama yake? Je, si busara kuacha kabisa mikusanyiko hii hadi hali ibadilike?

Mlinda Lango (mwanzisha uzi)

Ni swali la haki, nami silikwepi. Maandamano ya barabarani kwa sasa siyapendekezi kwa mtu yeyote, na anayetaka kuyafanya ajue kwamba anaamua pia kwa niaba ya wengine watakaoonekana kando yake. Nazungumzia watu ishirini, thelathini, arobaini, ndani ya nyumba, ambao watakutana hata tukiwaambia wasikutane. Watakutana baa, watakutana kwa kupitia simu na watu wasiowajua, na huko hakuna mlinda lango. Novemba 2019 polisi walivamia baa moja hapa Kampala, wakakamata watu zaidi ya 100, na 67 kati yao wakashtakiwa kwa kosa la kuwa kero kwa umma. Wale hawakuwa kwenye sherehe ya Fahari. Walikuwa wameenda baa kama watu wengine.

Mama wa Masaka

Wanangu, mimi ni mzazi, na naomba nimjibu Mtazamaji, kwa kuwa amemtaja mama.

Binti yangu alifukuzwa na ukoo wa baba yake baada ya picha yake kusambazwa. Aliishi kwangu miezi minne bila kutoka chumbani ila usiku. Hakula vizuri, hakuzungumza, na mimi sikujua neno la kumwambia, maana nami nilikuwa nimeshapita katika hasira yangu na aibu yangu kabla sijarudi kwenye umama. Aliyemtoa chumbani ni rafiki yake aliyemchukua kwenye mkusanyiko kama hiyo mnayoizungumzia. Alirudi asubuhi, akaomba chai na muhogo, akala vyote. Sikujua walifanya nini huko na sikuuliza. Nilijua tu kwamba alikaa usiku mzima na watu ambao hakuhitaji kujificha mbele yao.

Kwa hiyo msiniambie kwamba kukaa peke yake chumbani ndio usalama. Ila nawaomba jambo moja: mtoto akitoka kwenda huko, awepo mtu mzima mmoja nje ya mkusanyiko, awe mzazi, shangazi au jirani wa kuaminika, anayejua ametoka na atarudi saa ngapi, hata kama hajui ameenda wapi.

Wakili Msaidizi

Namshukuru nyabo wa Masaka. Ushauri wake wa mtu aliye nje ni wa kisheria pia, na nitaeleza sababu. Mimi si wakili kamili, ni msaidizi wa kisheria, na nimekaa kwenye mabenchi ya vituo vya polisi mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Katiba ya 1995, ibara ya 23, inasema mtu anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kuwa na wakili anayemchagua. Inasema pia kwamba, akiomba, ndugu yake wa karibu ajulishwe haraka iwezekanavyo, na kwamba wakili, ndugu na daktari wake waruhusiwe kumfikia. Na inasema afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita, kama hajaachiwa. Najua kati ya maandishi hayo na kaunta ya kituo kuna umbali, lakini umbali huo hupungua kukiwa na mtu wa nje anayefika mapema na kuuliza kwa upole kila baada ya muda mfupi. Asiyeuliziwa na mtu ndiye anayekaa ndani siku nyingi.

Mfano upo. Machi 2020 watu zaidi ya 20 walikamatwa katika nyumba ya hifadhi ya vijana wa kuchu nje kidogo ya Kampala, wakidaiwa kuvunja masharti ya korona. Walipelekwa gerezani, na kwa wiki nyingi mawakili walizuiwa kuwaona. Mawakili hawakuacha. Mwezi Mei mashtaka yaliondolewa, na baadaye Mahakama Kuu ilisema kuwanyima mawakili wao kulivunja haki zao.

Kwa hiyo, kwenye kila mkusanyiko awepo wakili au msaidizi mmoja wa zamu, ambaye hayupo ukumbini. Yuko kwake, simu ina chaji, hajanywa, na amekubali kazi hiyo kwa usiku ule wote. Nambari yake iandikwe kwa kalamu kwenye mkono wa kila mshiriki, sehemu inayofunikwa na nguo, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa, na ni wachache sana leo wanaokumbuka nambari yoyote kichwani. Anayekamatwa ataje jina lake, aombe wakili, na asitie saini maelezo yoyote kabla wakili hajafika. Dhamana ya polisi ni bure. Anayedai fedha kwa ajili yake anadai kitu ambacho sheria haimpi.

Kuhusu simu zenyewe, zimeni ufunguaji wa alama ya kidole na wa uso kabla ya kutoka nyumbani, mbaki na nambari ya siri peke yake. Kidole cha mtu kinaweza kushikwa na kubandikwa juu ya skrini kwa nguvu. Mazungumzo ya maandalizi yawekewe mpangilio wa kujifuta baada ya siku moja.

Jambo la mwisho linahusu wenye nyumba. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria ya 2023, lakini ilivifuta vifungu vilivyowaadhibu wanaoruhusu au kukodisha nyumba, na kile kilichomlazimisha kila mtu kuripoti. Wenye nyumba wengi hawajasikia habari hiyo na bado wanawafukuza wapangaji kwa hofu. Mwelezeni mwenye nyumba kwa utulivu, ikiwezekana akiwa na wakili, lakini msimdanganye kuhusu hatari zilizobaki.

Dereva wa Boda

Mimi naendesha boda boda na nimewahi kuwabeba watu wanaotoka kwenye mikusanyiko hii, kwa hiyo nazungumza kutoka barabarani. Hatari kubwa niliyoiona si polisi. Ni ile nusu saa baada ya lango kufungwa, watu kumi wanapotoka kwa pamoja wakicheka, wakiwa na rangi usoni, na kusimama kando ya barabara kutafuta usafiri. Kwenye kituo cha boda kila mtu anamjua mwenzake, na habari husafiri haraka kuliko pikipiki.

Watu watoke wawili wawili, wakipishana kwa robo saa. Madereva wawe wachache wanaofahamika, na wakutane na abiria mbele kidogo, si langoni. Na kwa dada zetu waliobadili jinsia, ambao ndio wanaopigwa zaidi njiani, boda si salama usiku. Tafuteni gari lenye vioo vilivyofungwa, hata kama mfuko wa sherehe utabaki bila nyama choma. Abiria mmoja wa namna hiyo alinishika bega kutoka lango hadi kwake bila kulegeza vidole hata mara moja. Nilipomfikisha nilisubiri hadi taa ya chumba chake iwake ndipo nikaondoka.

Mlinda Lango (mwanzisha uzi)

Ssebo, ahsante sana. Hilo la kusubiri taa iwake tutalifanya kuwa sharti.

Niongeze jambo linalofungamana na hilo: chumba cha kubadilia nguo. Kila mkusanyiko uwe na chumba chenye kioo, maji, sabuni, pamba na mafuta ya kuondolea rangi, na begi la nguo za kawaida kwa waliosahau zao. Watu waje na nguo za kawaida, wavae wanachotaka wakiwa ndani, na wabadili tena kabla ya kutoka. Tena chumba hicho kisiwe kona ya kujifichia. Kiwekwe mtu wa kukaa humo, wa maneno mazuri, kwa maana kuvua ulichokuwa na kuvaa unachotakiwa kuwa, usiku wa manane, ni tendo zito, na nimewaona watu wakilia humo kuliko mahali pengine popote.

Kuhusu kuhesabu bila kuandika majina: kila anayeingia anapewa ushanga wenye nambari, na mtu aliyemdhamini ndiye peke yake anayejua nambari ile ni ya nani. Akifika kwake, anatuma nambari tu. Mahali pa kukutania panatajwa siku yenyewe, kwa mdomo, kupitia kwa mdhamini. Asiye na mdhamini haingii, hata awe na hadithi ya kusikitisha namna gani. Watu waliotutishia kutufichua ili wapate fedha waliingia kwa hadithi za kusikitisha. Aliye chini ya miaka 18 haingii kamwe. Tunampatia mshauri na mtu mzima wa kuzungumza naye mchana, mahali pengine, lakini sherehe si mahali pake.

Na picha. Oktoba 2010 gazeti moja la hapa lilichapisha majina na picha za watu, pamoja na wito wa kuwanyonga. David Kato, mwanaharakati wa haki zetu, alikuwa mmoja wao. Yeye na wenzake wawili walilishtaki gazeti hilo, wakashinda mwanzoni mwa Januari 2011, na tarehe 26 ya mwezi huohuo akauawa nyumbani kwake Mukono. Anayeniambia kwamba picha moja tu haina neno, namjibu kwa historia hiyo. Simu zote zinawekwa ndani ya mfuko wa kitambaa mlangoni, na anayetaka kumbukumbu anapigwa picha mbele ya ukuta mtupu, akiwa peke yake, amevaa barakoa akipenda, kwa simu yake mwenyewe.

Muuguzi wa Zamu

Nimesoma yote, na naona afya imesahaulika. Wekeni sanduku la huduma ya kwanza na mtu anayejua kulitumia. Wekeni maji mengi na chakula kabla ya pombe. Wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU waje na dozi ya siku mbili ndani ya kichupa kisicho na maandishi, kwa sababu mtu akizuiliwa kituoni dozi ndiyo inayokatika kwanza.

Mtu akibakwa, iwe njiani au kizuizini, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Asisubiri hadi apate ujasiri wa kueleza kila kitu. Aseme tu kwamba anahitaji dawa hizo, mengine yatafuata. Na kuhusu vipimo vya njia ya haja kubwa ambavyo waliokamatwa wamelazimishwa kuvipitia: havithibitishi chochote. Chama cha madaktari cha dunia kilivilaani mwaka 2017 na kuwataka madaktari wasivifanye. Daktari au muuguzi anayesoma uzi huu, una haki na wajibu wa kukataa.

Moyo nao huumia baadaye. Siku ya kwanza watu wana nguvu, wanasimulia, wanacheka. Wiki ya pili au ya tatu ndipo usingizi unapokatika na mtu kuanza kushtuka lango likigongwa. Mpangeni mshauri nasaha kwa kipindi hicho.

Niko Kakuma

Ninaandika kutoka upande wa Kenya, mimi ni Mganda niliyekimbia. Juni 2018 wakimbizi wenzangu walifanya Fahari hapa kambini. Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Vitisho vilikuja baadaye, na hapo ndipo hoja ya Mlinda Lango inaponigusa, kwa sababu kambini mtu akitawanyika anatawanyikia wapi? Anarudi kwenye hema lilelile, kwa majirani walewale. Ninawaomba mnaopanga huko nyumbani, kabla ya sherehe mtafute vitanda viwili au vitatu mahali pengine, kwa ajili ya yule ambaye usiku huo atagundua kwamba hawezi tena kurudi alikotoka. Nauli yake iwe imeshatengwa.

Mtazamaji

Nimeelewa, na naondoa pendekezo langu la kuacha kabisa. Swali moja limebaki. Ndugu Mlinda Lango, kama nambari moja haijatuma ujumbe, kama ile ya usiku ule, mnafanya nini sasa?

Mlinda Lango (mwanzisha uzi)

Sasa tuna utaratibu. Baada ya saa moja kupita tangu muda aliotarajiwa kufika, mdhamini wake anampigia. Asipopatikana, mdhamini anampigia yule mtu wa nje aliyetajwa na mama wa Masaka, na kumwuliza swali la kawaida kabisa, kwa mfano kama amerudisha zile sufuria. Baada ya saa mbili, dereva anaipitia njia aliyoichukua. Alfajiri wakili wa zamu anaanza kutembelea vituo, akiuliza kwa jina la kisheria la mtu, bila kutaja sherehe wala sisi. Mimi nabaki na simu, na silali.

Mara ya mwisho tulikuwa 36. Nambari 35 zilifika kabla ya saa nane usiku. Nambari 19 alikuwa akisafiri kwa basi kurudi Gulu, naye alituma saa nne asubuhi. Nilimjibu, nikaitoa simu kwenye chaji, nikaenda kulala.